Tairi Ambalo Sikuliinua

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki akilini hata leo, nikiwa na mvi na magoti yanayolalamika kila nikichuchumaa kando ya gari. Nilikuwa kijana, mwaka wangu wa pili kwenye gereji ya Mzee Mwakio pale Voi, na nilijiona nimeshajua kila kitu. Najua nyinyi vijana hunicheka chinichini mkiniona nikiinua kila gari kwa jeki kabla sijasema neno. Chekeni tu, siwalaumu. Lakini leo nisikilizeni.

Asubuhi hiyo alikuja Mama Mkamburi, mwalimu wa Wundanyi kule milimani, na pikapu yake nyeupe. Alikuwa ameshuka Voi kumchukua babake hospitalini; mzee alikuwa amevunjika mguu na sasa ameruhusiwa kurudi nyumbani.

"Kijana, gari inavuta kushoto," aliniambia. "Na nikipita kwenye shimo kuna kitu kinagonga huku mbele. Ko! Kama mtu anabisha mlango."

Nililizunguka gari mara moja. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limelika vibaya upande wa ndani, na upande wa nje bado lina meno mazuri. Mwanangu, hilo peke yake lingetosha kunisimamisha. Lakini mchana kulikuwa na mechi uwanjani na mimi ndiye golikipa. Nikajaza upepo, nikakaza nati za magurudumu, nikafunga boneti kwa kishindo cha fundi mkubwa. "Ni barabara tu, mama. Barabara zetu zinagongesha kila gari."

Mzee Mwakio alikuwa chini ya lori, miguu yake tu ndiyo iliyoonekana. Akauliza kutoka huko huko, "Umeinua tairi ukalitikisa?"

"Nimeinua, mzee."

Sikuwa nimeinua. Jibu lilinitoka hivyo hivyo, bila hata kulifikiria.

"Vizuri," akasema. "Basi waendeshee mpaka Wundanyi, mwalimu apate nafasi ya kumshika babake. Na njiani uisikilize hiyo sauti anayoisema."

Ningekataa vipi? Kukataa kulikuwa ni kukiri. Nikapanda, nikashika usukani, tukampitia babake hospitalini. Mama Mkamburi akakaa katikati, na babake dirishani, fimbo kati ya magoti.

Mpaka karibu na Mwatate barabara ni tambarare, mkonge huku na huku, na hata mtu aliye na gari bovu anaweza kujidanganya. Mimi sikuweza. Nilipougeuza usukani kidogo, gari lilichelewa kutii, kisha likatii kupita kiasi. Nilipogonga tuta, ile sauti ikaja: ko! Nikaisikia mpaka kwenye nyayo. Mzee wa watu hakuwa na habari. Alikuwa na furaha ya mtu aliyekosa kitanda chake kwa wiki nyingi.

"Leo nalala kwangu," alisema. Kisha akaniangalia. "Na wewe ukitufikisha usikimbie, kijana. Utakula kwetu kwanza. Mama yao amepika kwa sababu anajua nakuja."

Mwanangu, wangenitukana ningevumilia. Ukarimu ule ndio ulioniweza. Milima ilikuwa imeshatokea mbele yetu, na nikaziona zile kona kichwani, mwamba upande mmoja na bonde upande mwingine. Nikalitoa gari barabarani, nikazima injini.

"Mama, nimewadanganya," nikasema. "Tairi sikuliinua. Sijui gari hili lina nini."

Alinigeukia. Halafu akauliza polepole, "Na kama mzee wako hangekutuma uje nasi, ungeniacha nipande hiyo milima?"

Nilitaka kusema hapana. Nikasema, "Ndiyo, mama."

Babake akafungua mlango, akatoa fimbo nje, akashuka taratibu. "Basi inua sasa," akasema. "Sisi tupo."

Niliweka mawe nyuma ya magurudumu, nikainua kwa jeki mpaka tairi likaacha ardhi. Nikalishika kushoto na kulia, nikatikisa: lilicheza kidogo tu. Nikalishika juu na chini, nikatikisa tena, nalo likayumba kama jino la mtoto. Kile kiungo cha chuma kinachoshika gurudumu kwa chini na kuliacha ligeuke, tunachokiita boljointi, kilikuwa kimelika hadi kinakaribia kuchomoka kwenye kikombe chake. Kingechomoka kwenye kona, gurudumu lingelala na usukani ungebaki mikononi mwangu bila kazi.

Niliwaacha wakingoja kando ya gari, nikaomba lifti ya lori la mchanga hadi Voi. Nilijua Mzee Mwakio atanifukuza. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, macho yangu kwenye viatu vyake. Hakupaza sauti. Alifuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu kuliko grisi iliyokuwapo.

"Nilikuuliza kwa sababu mimi nilikuwa chini ya lori, sikuona," akasema. "Ukaniambia umeona. Nikamweka mwalimu na babake ndani ya hilo neno lako." Akatafuta boljointi mpya, akaniwekea mkononi. "Twende. Utaifunga wewe."

Akaja nami, akakaa kwenye jiwe, asiguse spana hata moja. Nilipotaka kuingia chini ya gari likiwa juu ya jeki peke yake, alikohoa tu, nami nikatafuta magogo ya kulishikilia. Nikafunga, nikakaza, nikatikisa. Akaniambia nitikise tena. Kisha tukaenda wote Wundanyi, polepole, bila sauti yoyote mbele, na tukala kwa wale wazee. Sijawahi kula maharagwe matamu namna ile, wala kuyala kwa aibu namna ile. Wiki iliyofuata Mama Mkamburi alilileta gari mwenyewe tupime usukani upya, akaniulizia kwa jina, na usukani ulinyooka kabisa. Alisimama kando yangu nikiinua, akasema, "Nimekuja kwako kwa sababu najua sasa hutaniambia uongo." Alikuwa mteja wangu hadi alipoacha kuendesha.

Basi, mwanangu, shika haya. Gari likivuta upande mmoja, usukani ukilegea au ukitetemeka, tairi likilika upande, kitu kikigonga kwenye mashimo, au gari likiendelea kurukaruka baada ya tuta, usiilaumu barabara. Inua, shika, tikisa, angalia. Mwenye gari akikwambia amesikia kitu, mwamini, maana yeye hukaa nalo kila siku na wewe umelikuta leo. Na kama hujaangalia, sema hujaangalia. Hakuna atakayekucheka kwa neno hilo, na hata akicheka, atacheka akiwa amefika kwake.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe masikio ya kusikia hata kile kidogo kinachogonga, na moyo wa kusimama kabla ya mlima. Kila utakayemkabidhi ufunguo wa gari lake, afike, akaribishwe, ale, alale kwake.