Msamaha Niliousema Mimi

Katika makanisa yetu ya Eldoret, mkalimani mzuri hakuwa mtu wa kurudia tu kilichosemwa. Mhubiri akinyanyua mkono, nawe unanyanyua. Akilia, unalia. Akisema jambo baridi, unalipasha moto kabla halijawafikia watu. Nilisoma hadi kidato cha nne, Kiingereza changu kilisifiwa, na kwa miaka mingi nilisimama kando ya wageni kutoka ng'ambo nikipasha maneno yao. Wapo walioniambia kwamba mahubiri yalikuwa matamu kwangu kuliko kwa mwenyewe. Nami nilipenda kuambiwa hivyo.

Kwa hiyo, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilipojaza watu kwenye uwanja wa maonyesho, na mama mmoja mmishonari akafika kuwahudumia, kanisa lilinipa kazi ya kumtafsiria.

Alikuwa muuguzi mstaafu, mrefu, mwenye magoti mabovu. Alipewa chumba katika mtaa wa kifahari wa Elgon View, lakini tangu asubuhi alikuwa kambini akiosha vidonda na kukoroga uji. Wanawake wa jikoni walimfundisha Kiswahili huku wakimcheka. Na kwa kuwa maneno aliyoyasikia zaidi yalikuwa ya foleni ya chakula, aliwaamkia watu wote kwa "Songa mbele!" Wazee wenye heshima zao waliambiwa wasonge mbele, na wakasonga wakicheka.

"Huyu tukizidi kumfundisha atatugombeza," mpishi mmoja alisema.

"Heri atugombeze," mwenzake akamjibu. "Huyo Mzee wake anaongea kama redio."

Redio ilikuwa mimi.

Kambini kulikuwa na mama mmoja mwenye mabinti wawili. Alikuwa na shamba la viazi upande wa Timboroa. Nyumba yao ilichomwa, na mumewe, aliyekuwa amerudi kumfungua ng'ombe, hakutoka tena. Misheni ilikuwa na mabati na mbegu kwa familia ambazo zingekuwa tayari kurudi mashambani. Jumapili moja baada ya ibada, mmishonari alimshika mama yule mikono akamuuliza, kupitia kwangu, kama ataweza siku moja kuishi tena na majirani zake.

"Mwambie sijasamehe," mama alisema. "Nisisukumwe. Hata nikiulizwa kesho nitasema hivyo hivyo."

Mmishonari akanigeukia, akingoja. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mama anasema ni vigumu, lakini kwa neema ya Mungu amesamehe na anatamani nyumbani. Nikaweka na mkono kifuani. Mmishonari akamkumbatia huku machozi yakimtoka. Mama alisimama wima kama mti wa ua, akidhani anapewa pole.

Nimejiambia mara nyingi kwamba yalikuwa mazoea ya madhabahuni. Hiyo ni nusu tu. Mimi ni mwenyeji wa huku. Vijana waliochoma nyumba zile waliongea lugha niliyolelewa nayo, na baadhi yao walikuwa wamepita katika darasa langu la shule ya Jumapili. Nilitaka tusamehewe. Nilitaka iwe upesi, kabla ya msimu wa kupanda kwisha, ili ionekane kama hatukufanya jambo kubwa sana.

Kwa maneno yangu hayo, misheni iliiweka familia ile mbele ya nyingine zote. Nikatumwa nimpelekee mama habari.

"Na nikikataa?" aliniuliza.

"Kambi itafungwa, Mama."

Hilo lilikuwa kweli. Sikumwambia kwamba hakuna aliyekuwa amemlazimisha, na kwamba mmishonari aliamini anamtimizia ombi lake.

Tuliondoka na pikapu iliyobeba mabati na viazi vya mbegu. Njiani, tulipofika Cheptiret, mmishonari aliwanunulia watoto ndizi. Mama hakula. Tulipofika shambani, mvua ilikuwa imeshalisafisha jivu na majani yameota hadi mlangoni, yaani pale palipokuwa mlango.

Jirani alikuja kabla hatujashusha kitu. Alikuwa bibi kizee, ameshika kibuyu cha mursik kwa mikono miwili. Kwetu, mtu aliyerudi kutoka mbali hukaribishwa kwa maziwa hayo ya mgando, na mgeni hakatai.

"Karibu nyumbani, jirani," alisema.

Mama hakunyoosha mkono. "Walipokuja, wewe ulikuwa wapi?"

"Ndani. Nilifunga mlango."

"Basi rudi na maziwa yako. Mimi sijasamehe. Nilisema kambini, na leo nasema tena."

Nilifungua mdomo, na bado sijui ningesema nini. Mmishonari alininyooshea kiganja nikanyamaza. Miezi ya jikoni ilikuwa imefanya kazi yake.

"Sijasamehe," alirudia polepole, kama mtu anayeonja dawa. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza kama hayo ndiyo aliyoyasema mama siku ile kambini.

Nikasema ndiyo.

Hakunigombeza. Aliyavuta magoti yake hadi alipokuwa mama. "Mama," akasema, "wewe nataka nini?"

Hakuna aliyecheka.

"Nataka kurudi mjini," mama akajibu. "Shamba ni langu na nitalilima. Lakini kulala hapa, sitalala."

"Na haya mabati?" dereva akauliza.

"Yaacheni," jirani alisema taratibu. "Nitayalinda."

"Mtu ulishindwa kumlinda," mama akamwambia, "utaweza mabati?"

Bibi alitazama chini. Alibaki hapo na kibuyu chake, na mpaka leo namwonea huruma yeye pia, maana alikuja na alichokuwa nacho.

Mmishonari akafungua mlango wa pikapu. "Haya, Mama," alisema. "Songa mbele."

Alimtafutia chumba mjini, akawatafutia mabinti shule. Aliendelea kunisalimia kwa upole, ila hakuniita tena kumtafsiria. Kanisani nilikaa viti vya nyuma, na walipoleta mgeni mwingine nilisema koo linaniuma.

Mama yule sasa anauza viazi sokoni. Huenda shambani asubuhi na kurudi jioni, mwaka baada ya mwaka. Nilimkwepa mpaka mvi zikanimaliza, kisha siku moja nikaenda.

"Mama," nikamwambia, "kambini nilimwambia mzungu kwamba umesamehe. Nilidanganya. Naomba unisamehe."

Alikuwa akikwangua udongo kwenye viazi. "Nilikuja kujua," akasema. "Unataka leo?"

"Ukiweza."

"Bado wewe ni mtu wa haraka, Mzee." Akachukua gorogoro, ule mkebe wa kupimia. "Nikupimie ngapi?"

"Moja."

Wateja wake wote huwapa nyongeza, viazi viwili vitatu juu ya kipimo, akiwaambia wasalimie watoto. Mimi alinijazia mkebe mpaka ukingoni, akausawazisha kwa kiganja, akamimina kwenye mfuko wangu.

Nimekuwa nikirudi kila wiki. Sijamuuliza tena. Ananiamkia vizuri, anauliza mgongo wangu, na gorogoro yangu bado inaishia ukingoni.