Mtunza Tumbaku Asiyevuta

Lutufyo wa Masoko alikuwa mvutaji hasa, si wa kubahatisha. Kabla hajafungwa kwa kumvunja mtu mkono kilabuni, moshi ulimtoka kama jiko la kuni mbichi, na ile sauti yake ya besi iliyokuwa ikitikisa kwaya ya kanisani ikaishia kuwa kikohozi. Mama yake, Atupokile, alipokuja kumtembelea gerezani alimwambia, "Gwe Lutufyo, mimi nimezeeka. Siku ya kunizika uniimbie wimbo wa kanisani, beti zote, usinikoholee mbele za watu."

Basi akaacha. Akarudia. Akaacha tena, akarudia tena, wenzake wakamcheka hadi machozi. Mara ya tatu, kila hamu ilipomshika, alitafuna majani mabichi ya chai waliyokuwa wakipalilia shambani mwa gereza, mdomo ukawa mchungu hata ugali haupiti. Akashinda, jamani! Papo hapo akaangukiwa na kazi asiyoiomba: chumba kizima cha wafungwa kikamkabidhi tumbaku yake, maana fisi hapewi bucha alinde, na asiyevuta alikuwa yeye peke yake. Mtu anayetetemeka kwa hamu akawa analalia misokoto ya watu, na haukupungua hata mmoja. Nani kati yetu angeweza?

Mchana mmoja wa mvua askari akaja na habari nzito. Mama alikuwa amefariki, na walikuwa wameshamzika.

Chumba kile kilikuwa na desturi yake. Mfiwa huwashiwa msokoto, na kuukataa ni kukataa pole ya wenzako. Nsajigwa, mnyapara wao, akautoa wake kwenye akiba, akauwasha, akamnyooshea.

"Pole, ndugu yangu. Vuta."

Lutufyo alitaka. Alitaka kuliko siku yoyote ya maisha yake. Akaupokea kwa mikono miwili, akauzima taratibu ukutani, akamrudishia mwenyewe.

"Ndaga fijo, asante sana, kaka. Pole yako nimeipokea. Lakini mama aliniomba kitu kingine."

Nsajigwa akavua kofia. Waliokuwa na vipisi midomoni nao wakavizima.

Lutufyo akasimama akaimba. Machozi yalimkwaruza sauti, ubeti wa pili nusura umshinde, akavuta pumzi, akaendelea. Aliimba beti zote hadi wa mwisho, na hakukohoa.