Kapu la Makande la Aayo

Jumapili, tarehe sita Julai. Ukungu haukuondoka hapa Rhotia mpaka saa sita mchana, na hata ulipoondoka, jua lilikuwa la kutazama tu, si la kuota.

Mwanangu Neema, jana ulinipigia simu ukasema umepata chumba Karatu mjini, wapangaji watatu kwenye mita moja. Nikakupongeza, halafu nikakuaga. Kwenye simu maneno hunikimbia. Leo nimekaa na daftari nijaribu kukuandikia, ingawa shule yangu iliishia darasa la saba na huenda haya unayajua tayari.

Ipo Jumapili moja ya baridi kama hii ambayo sijaisahau. Nilikuwa kijana, nimetoka kwetu Digodigo kuja kufanya usafi kwenye hoteli ya watalii. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, Mwiraqw. Sote tulimwita Aayo, yaani mama kwa lugha yao. Mpangaji mwingine alikuwa mwalimu. Umeme wa luku, wa kununua kabla ya kutumia, tulichangia.

Aayo alikuwa na mashine ya kutotolesha mayai, sanduku la mbao lenye taa ndani. Majirani walimletea mayai ya kuku wao, naye akawatotoleshea. Wiki hiyo sanduku lilijaa, na zilibaki siku mbili tu vifaranga watoke. Mayai hayakuwa yake, mwanangu. Jina lake lote jema lilikuwa ndani ya lile sanduku.

Nikuambie alivyoishi, maana wakati ule nilimcheka kimoyomoyo. Nguo za wiki nzima alizipiga pasi mara moja, Jumamosi, na kitambaa chake cha kichwa alikiweka cha mwisho, akikinyoosha kwa joto lililobaki baada ya kuchomoa waya. Maji ya chai aliyapima kwa vikombe, yakichemka yanaingia kwenye chupa. Makande aliyaloweka tangu usiku, akayachemsha kidogo asubuhi, kisha sufuria akaisokomeza ndani ya kapu kubwa lililojaa blanketi kuukuu. Akaenda kanisani. Jioni makande yalikuwa yameiva bila moto. Mimi nikasema huu ni ubahili. Nilikuwa mgeni wa umeme, na mgeni hudhani kitu hakina mwisho.

Jumapili hiyo niliamka meno yakigongana. Nilikuwa na jiko la umeme la koili. Nikaliwasha ili chumba kipate joto, nikaenda kutazama mpira, nikaliacha linawaka. Nilitaka nikirudi nikute kumepamba moto! Mwenzako nilijiona mjanja.

Nilirudi mchana nikamkuta Aayo amesimama mlangoni kwangu, nguo za kanisani bado mwilini. Luku ilikuwa imekwisha. Wakala wa kuuza umeme siku hizo alikuwa mmoja, na alikuwa ameenda Endabash kwenye harusi. Koili yangu ilikuwa bado ya moto ukiigusa.

"Kijana, ulikuwa unampikia nani? Kiti?"

Nikachomoa waya wa jiko.

"Kiti chako kimeota moto vizuri. Mayai ya watu yanakufa kwa baridi."

Nisimsingizie mtu wala nisijibebeshe yasiyo yangu. Mwalimu naye alikuwa amepiga pasi asubuhi ile, na Aayo mwenyewe alikiri kwamba Jumamosi alisahau kuongeza umeme. Lakini bandu bandu huisha gogo, na shoka kubwa lilikuwa mkononi mwangu.

Hakupoteza muda kunigombeza. Alilifungua kapu, akatoa sufuria ya makande, akalipepea kidogo, akaingiza mkono kupima joto. Akaniambia niwashe kuni nichemshe maji. Tukajaza chupa, tukazifunga kwa khanga, tukazipanga pembeni mwa kapu, na mayai katikati. Kila baada ya muda alichukua yai moja akalibandika kwenye kope la jicho lake. "Kope halidanganyi," alisema. Likiwa baridi, tunabadilisha chupa. Mikono ile ilikuwa ya mtu aliyejua anachofanya, nami niliyemwita bahili nilikuwa nikikimbia na sufuria ya maji.

Hapo kati, tukiwa tumeinama juu ya kapu, akaniuliza kwa upole:

"Kwenu Digodigo mnamwagilia kwa mfereji, si ndiyo?"

"Ndiyo, Aayo. Kwa zamu."

"Mtu akimaliza zamu yake, maji anayaacha yaende wapi?"

"Anafunga. Asipofunga, wazee wanamtoza mbuzi. Na watu hawamsahau."

"Wewe uliwahi kuyaacha yamwagike porini?"

"Mimi? Hata siku moja!"

"Basi mita ni mfereji, mwanangu. Tofauti yake huoni tope."

Nakuambia kweli, hakuna aliyewahi kunichapa kama maneno yale, na hakuinua hata sauti.

Wakala alirudi jioni, taa ya sanduku ikawaka, mayai yakarudi. Siku mbili hizo sikuwa mtu. Jumanne asubuhi nikasikia sauti nyembamba ndani ya mbao, moja, halafu nyingine. Wengi walitoka. Wachache hawakutoka, huenda mayai yale yalikuwa mabovu tangu mwanzo, huenda ni mimi. Mpaka leo sijui.

Aayo aliwapelekea wenyewe vifaranga wao, mimi nimebeba boksi. Kila nyumba alisema, "Umeme ulikatika kwangu, mnisamehe kwa waliopungua." Jina langu hakulitaja. Nyumba ya kwanza nikainamia boksi nikahesabu vifaranga. Ya pili pia. Ya tatu ulimi ukafunguka nikasema, "Ni mimi niliyeacha jiko." Mzee mwenye kuku akanitazama, akamgeukia Aayo: "Huyu mpangaji wako umfunge kwenye kapu lako la makande naye aive." Tukacheka wote, na ndipo nilipopumua.

Basi, mwanangu, ninachokuomba ni hiki. Ukitoka chumbani, mkono wako upite kwenye swichi kama unavyopita kwenye kitasa. Usiwashe koili kuota, vaa sweta. Chemsha maji unayokunywa tu, funika sufuria, piga pasi mara moja kwa wiki, chakula cha moto kipoe kabla hujakiweka kwenye friji. Na waulize wenzako wanatumia umeme kwa nini, maana upande wa pili wa ukuta kunaweza kuwa na sanduku la mtu. Akiba haiozi, na ya pamoja ndiyo inayolindwa zaidi. Ukikosea, sema mapema. Mimi nilichelewa nyumba mbili.

Mungu akujalie chumba chenye joto na majirani wanaofurahi kusikia hatua zako mlangoni. Akupe na wewe Aayo wako, maana wangu alinilea bila kunizaa. Kapu lake aliniachia, nitakuletea, blanketi nimebadilisha.

Siku ile mayai yalipochukua kapu na kuni zote, makande tulikula magumu, tukatafuna kama mbuzi. Leo jioni mimi na mama yako tumekula makande yaliyoivia kapuni tangu tulipoenda ibadani, laini kabisa, kwa maziwa ya mgando.