Kabichi za Kinyozi

Kinyozi wetu alianza gemu enzi za simu za vitufe, kwa yule nyoka wa kumeza vidoti. Hadi leo humsifu kama mtu anavyomsifu mjomba marehemu. "Nyoka alikuwa na adabu," husema, mashine ikinguruma kisogoni kwa mtu. "Ukijigonga, umekufa. Hakuna kubembelezana. Na chaji inakaa wiki!"

Siku hizi analima kabichi kwenye simu ya kugusa. Gemu hizi haziishi. Usipovuna kwa wakati, bustani inanyauka; ukitaka maji, utazame kwanza tangazo la sabuni; ukijitenga kidogo, unatumiwa ujumbe kama wa mchumba aliyenuna: "Umetusahau?" Mafundi wa gemu wa zamani walitaka ucheze, wa leo wanataka usiondoke. Kinyozi analijua hilo vizuri. Anawatukana kutwa, huku anavuna.

Jumamosi asubuhi alikuwa anamnyoa mdogo wa mkewe, bwana harusi wa mchana huohuo. Upande wa kushoto ulikuwa tayari simu ilipolia: kabichi zimekomaa, chaji inakata roho. Chumba kina soketi moja. Akachomoa mashine, akachomeka simu.

"Shemeji, kichwa changu!"

"Tulia wewe. Kichwa hakinyauki."

Umeme ukakatika.

Chumba hakina dirisha, na mlango umefungwa wapita njia wasichungulie. Giza totoro.

"Basi twende nikakumalizie barazani," kinyozi akasema.

"Barazani! Wakwe wanapita pale! Wanione nusu kipara, nusu msitu?"

Mashine imekufa, ila wembe wa kunyoa kichwa chote ulikuwepo, maji yalikuwepo. Taa ni ya simu tu, na chaji iliyobaki ilitosha jambo moja: kuvuna au kumulika. Kinyozi aliitazama bustani yake, msimu mzima wa jasho la kidole gumba.

"Shemeji," bwana harusi akasema kwa upole wa kutisha, "dada nimwambie nini?"

Taa ikawaka. Bwana harusi akaishika mwenyewe, wembe ukaanza kazi. Ujumbe ukaingia, naye akausoma kwa sauti: "'Kabichi zako zinakulilia.'"

"Ziache zilie. Inamisha kichwa."

Simu ilizimika pamebaki kipande nyuma ya sikio. Kinyozi akakimalizia kwa kupapasa, kidole mbele, wembe nyuma, wote wawili wamebana pumzi.

Nje, bwana harusi akajitazama kwenye kioo cha gari lililoegeshwa. Hana hata mkwaruzo. Kipara kinameta.

"Nimezeeka ghafla," akanung'unika.

"Ndiyo ndoa hiyo, shemeji. Kwako imewahi tu."