Ukurasa wa Thelathini na Moja

Wanafunzi walimwita Bi Kwanini, maana hakupokea jibu bila kuuliza limetoka wapi. Alifundisha hesabu sekondari miaka ishirini na sita, na jioni akisomea shahada ya pili. Muda aliopewa ulikuwa unakatika: tasnifu hii ikikataliwa, basi, imekwisha.

Tasnifu yenyewe isikutisheni. Kuna umbo ambalo ukichagua nukta zake mbili zozote, unaweza kuzitenga, kila moja na kiwanja chake, na viwanja visikutane. Kiwanja kisichohesabu mpaka wake, watu wa hesabu hukiita seti wazi. Sasa livute umbo hilo, lipinde utakavyo, ila usichane wala usigundishe sehemu zake, na uweze kulirudisha bila kuchana. Je, nukta zitatengana bado? Bi Kwanini alithibitisha kuwa ndiyo. Viwanja vikishavutwa huitwa taswira, na mstari uliobeba mzigo wote aliuandika hivi kwa mkono: "Kwa kuwa njia ya kurudi haichani, taswira zote mbili ni wazi, na hazikutani."

Aliyeichapa ni dada yake mkubwa, karani mstaafu, kwa mapenzi tu. Bi Kwanini akakagua alama zote, moja moja. Maneno hakuyakagua, nani amfundishe dada maneno?

Mbele ya jopo, profesa akasoma: "'Ni wazi kwamba taswira zote mbili hazikutani.' Sawa, hazikutani. Wapi umeonyesha kuwa ni seti wazi?"

Bi Kwanini akautazama mstari mpaka herufi zikacheza.

"Niliandika, Profesa. Daftari liko nyumbani."

"Mama, tunapima kilicholetwa."

Shahada ikaenda hivyo, mchana kweupe.

Nyumbani akamkuta dada anamenya viazi.

"Dada, ukurasa wa thelathini na moja ulibadilisha kitu?"

"Ule mstari wa 'ni wazi' ulioning'inia? Nilikunyooshea. Wazi kama nini, mdogo wangu, mlango? Ungeniaibisha. Haya, wamekupa?"

"Hawajanipa."

"Si nilikuambia? Kichwa cha miaka hamsini hakiingii hesabu. Hunisikii."

Ulimi ulimwasha. Akimwambia, dada atazikwa na neno lile kifuani. Asipomwambia, atasimangwa yeye kwa kichwa chake kila viazi vikimenywa, mbele ya wageni, mbele ya wakwe.

"Kweli, dada," akasema, akachukua kisu cha pili.