Meno ya Kahawia ya Dada Yangu

Watoto wote wa nyumba yetu tuna meno ya kahawia. Si manjano ya mvuta sigara, ni kahawia hasa, yenye mistari na madoa. Wazazi wetu walitoka Ukambani wakanunua ploti nje ya Kitengela, ukielekea Isinya, wakati huko kulikuwa bado ni kwa mbuzi na upepo, na maji tuliyokunywa tangu kuachishwa ziwa yalitoka kwenye kisima kirefu cha jirani, kilichochimbwa kwa mashine. Majirani zetu Wamasai wana meno hayo hayo, wao na watoto wao, na sijawahi kumsikia mmoja akimwambia mwenzake ni mbaya kwa ajili hiyo. Ukitaka kujua una kasoro gani, subiri wageni.

Wageni wetu walitoka Kiambu. Dada yangu mkubwa alikuwa amepata mchumba Mkikuyu, fundi wa umeme, mpole mno, wa aina ile ambayo mama yake akikohoa yeye hushika kifua. Walikuja kuposa na mchezo wao: msichana anayeposwa hufunikwa leso kutoka kichwani mpaka miguuni pamoja na wasichana wengine, mchumba apite akimtafuta wake. Kwetu mchezo huo haukuwepo, lakini siku hizi kila mtu anaufanya kwa sababu unapendeza kwenye video. Mimi nilikuwa mmoja wa waliofunikwa, kwa hiyo nilimsikia mama alipomnong'oneza dada.

"Ukifunuliwa, cheka na mdomo umefungwa."

Mchumba alimtambua mara moja, nadhani kwa viatu. Leso ikaondolewa, na dada akasahau. Dada yangu alikuwa na kicheko cha uso mzima, mabega na kila kitu, na katika nyumba yetu yenye watu wakali kama mimi, kicheko hicho ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote. Akacheka meno yote nje.

"Ngai!" mama wa mchumba akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye masufuria. "Kwani hii nyumba hakuna mswaki?"

Watu walicheka. Baba yangu pia alicheka, ile ya kuwafurahisha wageni. Mchumba alikuwa ameshika soda yake, akaanza kuisoma kana kwamba kuna habari. Akutukanaye hakuchagulii tusi, najua, lakini mimi ningemchagulia yeye lake vizuri sana kama mama hangenifinya paja. Nilichukia kila mtu aliyekuwa chini ya hema lile tulilokodi.

Wageni walipoondoka, hasira ya mama haikuwafuata. Ilimshukia dada.

"Si nilikuambia ufunge mdomo? Si nilikuambia?"

Sasa, jambo ambalo hakuna aliyelitaja siku hiyo ni kwamba dada hakuwahi kuumwa na jino hata mara moja maishani. Alikuwa akitufungulia soda kwa meno. Mfupa wa mbuzi ukimfikia, mbwa walijua hakuna chao. Lakini nani huoa mtu kwa sababu anajua kutafuna mfupa wa mbuzi? Harusi ilikuwa inakaribia, na mama alikuwa ameamua kwamba binti yake ataingia kanisani na meno meupe.

Kuna mwanamke mjini Kitengela, mwenye saluni, aliyekuwa akisafisha meno ya watu. Alitumia ile mashine ndogo ya kusugulia kucha, kisha akapaka maji fulani kwa pamba. Nilienda nao. Dada alilazwa kwenye kiti cha kuoshea nywele, mama akamshika kichwa kwa mikono miwili kama kondoo anayenyweshwa dawa. Mashine ilipogusa meno ya juu ya mbele, yale yanayoonekana mtu akicheka, unga mweupe uliruka ukamkaa mdomoni. Kisha chupa ikafunguliwa, harufu ikanipanda puani.

"Mum," nikasema, "hiyo si ile ya kuosha choo?"

"Nyamaza. Wewe hakuna mtu amekuja kukuuliza."

"Inauma," dada akasema, machozi yakimwingia masikioni.

"Urembo unauma. Tulia."

Akatulia. Yalitoka meupe, lazima niseme ukweli, meupe kama chokaa na bila mng'ao wowote. Mama alipiga makofi. Harusi ikafanyika, picha zikatoka nzuri, na mama mkwe hakusema neno, jambo ambalo mama yangu alilihesabu kuwa ushindi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Walipanga nyumba hapo hapo Kitengela. Maji baridi yalikuwa ya kwanza kumtesa, halafu uji wa moto, halafu hata upepo, na Kitengela upepo hauombi ruhusa. Kutafuna kulimshinda. Akawa mtu wa mandazi yaliyochovywa kwenye chai, chai ya sukari tele, kikombe kimoja akikinywa funda kwa funda tangu asubuhi mpaka mchana kwa sababu uvuguvugu ulimtuliza. Sukari ikashinda mdomoni siku nzima. Meno ya mbele yakaanza kuwa meusi karibu na ufizi, kisha yakalainika, kisha yakatoboka. Ile kahawia yetu haina harufu. Hii ilikuwa nayo.

Mama alileta karafuu. Akaleta chumvi. Mwishowe akaponda kidonge cha maumivu akakibandika kwenye ufizi, kikamchoma nyama ikawa nyeupe. Mama mkwe naye alieleza kanisani kwao kwamba kuoza meno ni kwa ukoo, wenyewe si mliona? Mume akaanza kulala akitazama ukuta. Hilo aliniambia dada mwenyewe, akicheka, mkono umefunika mdomo.

Uso ulipovimba mpaka jicho likafunga, mimi ndiye niliyempeleka hospitali Kajiado. Daktari wa meno alikuwa msichana wa rika langu, asiye na subira. Alimfungua dada mdomo, akaumulika kwa taa.

"Nani alikwangua hizi meno?"

Dada akatazama sakafu. Daktari akanigeukia.

"Wewe ni wa kwao? Fungua." Akayagonga meno yangu kwa chuma chake. "Hizi ziko sawa kabisa. Hii rangi ni maji tu."

Akatueleza huku akitayarisha sindano. Maji ya visima virefu vya huku yana madini ya floridi, na mtoto akiyanywa kwa wingi wakati meno bado yanajijenga ndani ya ufizi, yanaota na rangi hiyo. Ni rangi, si uozo. Uozo ni kazi ya vijidudu vinavyokula sukari yetu na kutoa asidi, na asidi hiyo hutafuna jino polepole. Kinachozuia ni gamba gumu la nje. "Hilo gamba ndilo mlitoa," akasema. Tupige mswaki na dawa asubuhi na kabla ya kulala, tuteme bila kusukutua sana. Sukari iende na chakula, isikae mdomoni siku nzima. Tundu likiwa dogo mtu aje lizibwe, asingoje kuvimba. Watoto wadogo tuwape maji ya mvua. Yote ya kweli, na yote yamechelewa.

"Daktari," dada akasema kwa shida, "ungeniona na zile za kwanza, ungefanya nini?"

"Ningekuambia urudi nyumbani."

Alimng'oa manne ya juu, ya mbele. Dada hakulia. Mimi nililia, kwa hasira zaidi ya huruma.

Ufizi ulipopona akatengenezewa meno ya bandia. Jino la pembe si dawa ya pengo, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na mama mkwe wa Kiambu. Fundi wa meno alipompa rangi za kuchagua, nilimwambia dada achukue iliyofanana na meno yake ya chini, yaliyobaki kahawia. Akachagua nyeupe kuliko zote.

Krismasi tukaenda Kiambu, mama, dada na mumewe, na mimi. Mama mkwe alimpokea mlangoni, akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga.

"Haya! Sasa umekaa mtu. Si ungefanya hivi kitambo?"

Mama yangu akatabasamu kwa fahari. Mume akamtazama mke wake, akaendelea kumtazama. Nilingoja dada ayatoe yale meno ayatupe miguuni pao.

"Asante, mum," akamwambia mama mkwe, akaingia jikoni kuwatengenezea chai.

Nikamfuata nikamshika mkono, nikamtazama usoni. Alikuwa na furaha ya kweli. Ningeweza kuwasamehe lau angekuwa anajifanya.