Nusu Iliyovuka Mpaka

Juzi sokoni Busia, kwenye meza ya vitabu vya mitumba, nilikiona kile kitabu cha upelelezi kikiwa kizima.

Mimi nilikijua nusu. Mama alikuwa na hoteli Malaba, na madereva wa malori wakichoshwa na foleni ya mpakani walipasua riwaya katikati ili wasome wawili. Alasiri moja nikiwa mtoto, hoteli ikinuka dizeli na chapati, nilimaliza nusu ya kwanza, nikaulizia ya pili.

“Imevuka na mwenyewe,” mama alisema. “Iko Uganda.”

Nikaamini muuaji naye katorokea huko. Miaka yote nilimwona akilini yuko Tororo, ng'ambo ya mpaka, akiwacheka polisi.

Basi juzi, pale mezani, nikasoma mwisho nimesimama. Kumbe muuaji ni pacha wa marehemu. Damu yote ile, nyayo zote zile, halafu pacha.

“Unachukua, dada?”

“Hapana. Muuaji wangu yuko Tororo.”